Nukta ya Laki na Nusu

Miaka kumi na tisa nashona pale Majengo.
Kitambaa chenye ila nakijua kabla hakijakunjuliwa:
uzi uliokatika, rangi iliyokunywa maji upande mmoja,
tundu walilolificha katikati ya jora.
Kwa hiyo Ndahani, mtoto wa dada yangu, aliponiambia
kuna mtumishi Kisasa kahamishwa, anauza runinga,
inchi arobaini na tatu, bapa kama sinia,
nilichukua miwani yangu ya kutungia uzi.

Sikwenda kuangalia picha. Nilikwenda kuangalia ila.

Bwana Mbeleje alikuwa ameshawasha mpira.
"Mpira unaficha," Ndahani akaninong'oneza,
"watu wanakimbia, na jicho linakimbia nao."
Akatoa flashi mfukoni, akaichomeka nyuma.
Kwanza weupe mtupu, ukuta mzima wa chokaa.
Nikasogea mpaka pua ikahisi joto la kioo.
Safi. Safi. Kona ya chini, safi.
Halafu pale, kushoto juu, shibiri moja kutoka ukingoni,
nukta nyeusi, ndogo kuliko punje ya uwele.
Nikapuliza. Nikafuta kwa ncha ya khanga.
Haikutoka.

"Vumbi hilo," akasema Bwana Mbeleje.

Vumbi la Dodoma, baba, sisi tumezaliwa nalo.
Linarudi kabla hujakung'uta kitambaa,
lakini linafutika.

Ndahani akavuta pazia, akaweka weusi.
Chumba kikawa usiku, na kona ya kulia
usiku ukavuja: mwanga wa rangi ya maziwa,
alfajiri iliyokosea upande.
Akaweka wekundu wa zabibu. Akaweka kijivu,
na kwenye kijivu nikaona mistari ya wima, hafifu,
kama suruali iliyopigwa pasi na mtu mwenye haraka.

Laki nne na nusu, alikuwa ametamka mlangoni.
Nikakaa kwenye kochi, nalo limebandikwa bei yake,
nikamhesabia ila kwa vidole, taratibu,
kama ninavyompimia mteja mkaidi mita.

Mkewe akatokea jikoni, anafunga vikombe kwa gazeti.
"Ile nukta," akasema, na hakuna aliyemuuliza,
"mwanetu aliiita Sisimizi.
Kila jioni anauliza kama Sisimizi amekula."
Bwana Mbeleje akamtazama
kama mtu aliyesikia mfuko wake unachanika.

Pengine ningecheka. Pengine ningeuliza mtoto yuko wapi.
Nikasema laki tatu.

Tuliifunga blanketi, tukaipakia kwenye bajaji,
Ndahani kaikumbatia kama mgonjwa anayetolewa wodini,
na mimi nikifanya hesabu, natabasamu peke yangu,
hadi Nkuhungu.

Sasa ipo sebuleni. Majirani wanakuja, wanasifia.
Hakuna hata mmoja aliyeiona.
Mama, ambaye jicho lake la kulia lina ukungu,
anasema hajapata kuona watu weupe meno namna hii.
Mimi siyaoni meno.
Naiona nukta juu ya kilemba cha msomaji wa habari.
Naiona kwenye glovu ya kipa, mpira unapita, yeye haioni.
Kwenye ramani ya hali ya hewa inakaa Bukoba,
juma zima, wingu dogo lisilonyesha.
Nilinunua punguzo,
na punguzo ndilo ninalolitazama.

Jana umeme ulikatika katikati ya tamthilia.
Ndahani akawasha tochi ya simu,
na kwenye kioo cheusi tukatokea sote:
Mama na kikombe chake, Ndahani, mimi na miwani,
hatuna mistari, hatuvuji mwanga.
Nikainuka, nikasogea kushoto juu, nikainamisha kichwa.

"Unatafuta nini gizani?" Mama akauliza.

"Sisimizi."

Akanywa chai yake, akafikiri kidogo.

"Basi mpe sukari."