Buti la Taavet

Fomu zilikuwa kumi na mbili, zote nimezitia sahihi:
kwamba hakuna atakayezama,
hakuna atakayeng'atwa na kupe,
kwamba mvua ikinyesha nitakuwa na jibu.
Kisha basi likatutema pembeni mwa kinamasi,
mwendo wa saa moja kutoka Tallinn na maghorofa yake,
watoto kumi na tisa na mimi,
na ukungu uliolala chini kama maziwa yaliyomwagika.

"Mtandao haushiki," alisema Leelo
kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba.

Hilje, askari wa hifadhi, hakutoa hotuba.
Mdomo umejaa mkate mweusi,
alitugawia viatu vipana vya plastiki,
akatangulia, nasi nyuma, tunapepesuka kama bata.
Ardhi ilinesa. Ukikanyaga hapa,
msonobari mdogo unatikisika kule.

"Mko juu ya godoro la miaka elfu nane," alisema.
"Kila mwaka linanenepa milimita moja tu."
Kaspar alihesabu, akatazama ukucha wa kidole gumba.
"Miaka kumi na moja. Kumbe mimi mzima niko hapa?"
"Hapo hapo," alisema Hilje, akameza mkate.

Taavet ndiye ninayemwita mara arobaini kwa siku:
Taavet, kaa. Taavet, kalamu hiyo. Taavet, dirisha.
Nilimwona amevua viatu vipana, amebaki na buti,
nikafungua mdomo, lakini jina lilichelewa.
Akazama hadi paja.
Tulimvuta kwa fimbo ya Hilje na skafu yangu.
Mguu ulitoka. Buti halikutoka.
Nami nikaikumbuka fomu namba saba.

Hakulia. Maji alikwisha kuyavulia buti,
akaona hana budi kuyaoga:
akalala kifudifudi, mkono ndani hadi begani,
anapapasa gizani,
shavu juu ya kuvu na majani mabichi.
Kisha akatulia.
Akatulia mno, nikaogopa upya.

"Njooni," alinong'ona. "Polepole."
Neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

Mbele ya pua yake kulikuwa na kijimea chekundu,
kidogo kuliko kifungo cha shati,
kila unywele umebeba tone linalong'aa,
na ndani ya matone, mbu mmoja
anayevuta mguu mmoja.
Kinamkunja. Taratibu. Kama mtu anayekunja barua
asiyotaka kuisoma tena.

Watoto kumi na tisa matumboni, suruali zimelowa.
Leelo alimwonea huruma mbu. Kaspar alikionea kimea.
Wakabishana kwa kunong'ona,
mpaka korongo walipopita juu, wakilia,
na ubishi ukakatika wenyewe.
Somo langu, ukurasa wa arobaini,
lilibaki mkobani. Nalo lililowa.

Buti tuliliacha. "Litakaa," alisema Hilje.
"Humu hakiozi kitu upesi."
Taavet alirudi na mfuko wa plastiki mguuni,
chwa, chwa, chwa, kwenye korido ya basi,
akitembea kama mtu mwenye shamba mahali.

Usiku mama yake alipiga simu.
Nilikuwa nimeandaa samahani, na bei ya buti.
"Mwalimu," alisema, "mtoto wangu yuko kwenye baraza
na rula, anapima ukungu wa ukutani.
Anasema yeye ana milimita kumi na moja.
Hiyo ni kheri,
au nimpeleke hospitali?"