Upande Usioonekana

Karatasi ya kwanza niliyoiga
ilifungiwa karanga, sokoni Kenya:
mwanamke wa shingo ndefu, koti jekundu,
mguu mmoja umemezwa na doa la mafuta.
Mchoraji simjui. Jina lake lilibaki
kwenye kipande alichofungiwa mteja mwingine.

Nikamaliza karanga, nikainyoosha kwa pasi ya makaa.
Fundi Mwepu akaguna: pasi hiyo ni ya suruali za watu.

Rangi nyekundu sikuwa nayo.
Nikatoka, nikachota vumbi la Kamalondo,
nikalichuja kwa kipande cha bitana,
nikalikoroga na wanga wa muhogo.
Koti likakauka rangi ya tofali,
likapasuka kwenye kiwiko,
palepale makoti ya watu hupasukia.

Baada ya huyo niliwaiga wengi.
Wa kalenda ya kiwanda cha bia.
Wa bango la kinyozi, mwenye suti ya mistari
na viatu vinavyong'aa kuliko macho yake.
Kijani nilimwomba kaka yangu Kyoni,
anayesugua malakiti awe mayai na vibweta:
akanifungia unga wa msasa kwenye gazeti.
Mama akasema, usiupulize, unakula mapafu.
Nywele ni nyuzi zilizonaswa chini ya cherehani.
Hereni, karatasi ya fedha ya sigara.
Midomo, rangi ya kucha ya dada,
na kofi moja la dada.

Mgongo wa yule wa kwanza niliurudia mara thelathini na moja.
Yeye aliuvuta, mimi niliushona,
kidogo kidogo, kama mtu anayeogopa kitambaa.
Mara ya thelathini na mbili nikaona:
karibu na kiuno wino ulikuwa unamwishia.
Mstari unakwaruza, unakonda, kisha unanenepa.
Alisimama pale. Alichovya brashi.
Labda mtu alimwita kula.
Nikaiga hata kule kusita,
na siku hiyo nikajua chumba chake kilikuwa na mlango.

Ndipo akaja Mama Kayij, msiba umekwisha,
amechoka na nyeusi ya mwaka mzima.
Akaiona ukutani. "Nataka hii. Hivihivi."
Fundi Mwepu, futi shingoni, akaitazama picha
mpaka chai yake ikapoa.
"Mkono," akaniuliza, "unaingilia wapi?"

Upande wa kushoto ulikuwa doa la buluu.
Yule bwana, au bibi, aliumwagia wino makusudi,
nami doa nililiiga kwa uaminifu,
kwa buluu ya kufulia, pembe kwa pembe.
Chini yake hapakuwa na kwapa,
hapakuwa na mshono, hapakuwa na mtu.
Na Mama Kayij ana pande mbili.

Usiku ule umeme ulikatika mtaa mzima.
Nikapasua mfuko wa saruji, nikaukung'uta,
nikawasha mshumaa, nikakaa.
Mkono wangu ukatafuta wa kumfuata.
Ukangoja.
Ukaanza na bega, ukalishusha kidogo,
maana Mama Kayij amebeba ndoo mkono uleule
tangu bomba likiwa mbali.
Kwapani nikabandika kipande cha liputa,
nikakitia mishono miwili ya cherehani, gizani,
sindano ikatoboa karatasi na kidole.
Zipu nikaichora jino kwa jino.
Nilipofika la ishirini nilikuwa nimesahau
kama kuna picha nyingine ukutani.

Asubuhi Fundi Mwepu hakusema ni nzuri.
Hakusema ni mbaya.
"Zipu imeshuka mno. Atavaaje, aite majirani?"
Akachukua chaki, akaipandisha vidole viwili,
juu ya karatasi yangu, kwa mkono wake,
mstari mnene, mweupe, umepinda.

Wanga upo. Saruji ipo, na ile damu kidogo.
Mstari ule sikuufuta.