Kura ya Saba

Sare ilitutosha.
Niliiandika juu ya ukurasa, kwa wino mwekundu,
asije mtu akasema baadaye hatukujua:
sare moja tu, pale Mpwapwa, na tungepanda daraja.
Dakika ya themanini na mbili, ubao ukisoma moja moja,
kocha Ndahani akamtoa Chibago, kiungo mkabaji,
akamwingiza kijana mwenye mbio na miaka kumi na saba.
Dakika ya themanini na nane tukafungwa,
kupitia tundu lile lile alilolifungua yeye.

Leo tuko saba ndani ya ghala la ushirika, Hombolo,
tumekalia kreti tupu za zabibu.
Upepo unagonga mabati
kama shabiki asiyetaka kulipa kiingilio.

Mwenyekiti Malogo anasema: afukuzwe.
Hainui sauti. Anakwangua tope kavu kiatuni.
Katibu anasema: afukuzwe,
wameshatoboa tairi la mbele la pikipiki yake,
wakimaliza la nyuma watakuja kwetu.
Sudai, ambaye hajawahi kuangalia mechi hadi mwisho,
anasema afukuzwe, na anatazama saa.

Watatu wanasema abaki.
Mmoja wao anatuletea shamba lake mkutanoni:
"Mzabibu usiozaa msimu mmoja haung'olewi. Hupogolewa."
Vichwa vinatikisika. Neno tamu.
Lakini kupogoa nakujua, mkasi ninao nyumbani.
Mzabibu haukosei hesabu.
Mzabibu haumtoi Chibago.

Watatu kwa watatu.
Wananigeukia mimi, mweka hazina,
mwanamke pekee humu,
niliyepewa sanduku kwa sababu "huyu hanywi."

Badala ya mdomo nafungua daftari.

Januari: kocha, laki mbili, hajalipwa.
Februari: hajalipwa. Nauli ya Kongwa katoa mfukoni mwake.
Machi: kapewa elfu hamsini na debe la uwele.
Aprili: kaomba dawa ya misuli, si ya kwake.
Mei sikuandika. Mei niliona haya.

Anayefukuzwa hulipwa chake kwanza.
Chake ni laki tisa na nusu,
na sandukuni mna elfu thelathini na moja
pamoja na ufunguo wa baiskeli iliyokwisha kuibwa.
Ndiyo maana huruma ni nyepesi humu ndani:
haihitaji risiti.
Nikisema abaki, je, nimemtetea
au nimemkopa tena?

Nageuza kurasa nyuma, hadi siku tuliyomwajiri.
Malogo alimuuliza: wewe ni kocha wa namna gani?
Akajibu: "Mimi kulinda sare sijui."
Tukapiga makofi hadi panya wakahama dari.
Naisoma kwa sauti.
Malogo anaacha kukwangua kiatu.
"Hiyo ilikuwa zamani."
"Ilikuwa Agosti," nasema.

Yeye mwenyewe yuko nje, muda mrefu sasa.
Hakuja kujitetea. Kaleta mfuko wa jezi,
zimefuliwa, zimekunjwa, na filimbi juu yake.
Nazihesabu mlangoni, ndiyo kazi yangu.
Namba kumi na tisa haimo.
"Iko kwa yule dogo," anasema.
"Tangu Jumamosi hatoki nyumbani.
Nimemwachia. Nikatwe kwenye mshahara."

Mshahara upi, sikumuuliza.

Narudi kwenye kreti yangu.
Bado naamini alikosea.
Chibago angezuia lile bao, hata akichechemea,
na ningeapa hivyo mbele ya padri.
Lakini tulinunua ujasiri, tena kwa mkopo,
na leo tunaurudisha dukani kwa kuwa umetuumiza.

Nainua mkono. Naandika: abaki.
Chini yake, kwa wino mwekundu: alipwe.

"Kwa hela gani?" anauliza Malogo.

Swali zuri.
Ndilo la kwanza tangu tukae.