Mshona Majalada

Kurasa mia mbili, si mia mbili na moja.
Hapo kanuni inataka juzuu mpya,
hata kama shahidi yumo katikati ya sentensi,
hata kama neno alilolianza ni "nili—".
Nafunga fundo, nakata uzi kwa meno
(sheria haisemi lolote juu ya meno),
naandika Juzuu ya Pili, natoboa tena.

Miaka thelathini na mmoja katika ghorofa ya chini
ya mahakama ya San Salvador de Jujuy,
mimi, Eleuteria Quipildor, shazia na uzi wa katani,
nimeshona talaka, mirathi, ng'ombe waliovuka ua,
kifo kimoja cha sumu kilichofika juzuu kumi na tisa.
Mawakili hawalijui jina langu.
Wananiita yule wa plasta kidoleni.

Huruma nayo ina saa yake kwetu.
Muda wako ukiisha jana, kanuni inakuachia
saa mbili za asubuhi ya leo,
tangu saa moja na nusu hadi saa tatu na nusu,
uingize rufaa kana kwamba hukuchelewa.
Abundio Vilte alifika na wakili wake, wote wakihema.
Barabara ya Palpalá ilikuwa imefungwa kwa matairi ya moto,
walimu wakidai mishahara,
na saa ya ukutani ilisema tatu na dakika thelathini na nne.
Karani hakuwa mtu mbaya. Aliitazama saa,
akaitazama mikono ya Vilte, saruji imeganda kwenye kucha,
akaitazama saa tena, kama anayengoja ijirudi.
Kisha mhuri: NJE YA MUDA.
Mimi ndimi niliyeishona karatasi ile,
ukurasa wa themanini na nane.
Nyumba ikaenda.

Na Fabricio Zerpa je?
Cherehani sita za shule ya ufundi,
alikofundisha dada yangu, aliziiba yeye.
Tulijua sote. Shangazi yake alijua.
Polisi walizikuta uvunguni, mafuta hayajakauka.
Ila hati ya upekuzi ilitaja nyumba 214,
nao walivunja mlango wa 241:
tarakimu mbili zilizobadilishana viti.
Hakimu alivua miwani, akasoma mara ya pili,
akasema kilichopatikana hivyo hakikupatikana.
Zerpa akatoka akipiga mluzi.
Siku hiyo uzi ulinikatikia mara tatu,
na si kwa ubovu wa uzi.

Lakini nikilala na hasira ile
hujikuta mbele ya mlango mwingine, wa kwetu,
mwaka wa sabini na sita.
Waliokuja hawakuuliza namba.
Hawakuwa hata na karatasi ya kukosea.
Walimchukua Casimiro, kaka yangu, na kiatu kimoja.
Mama alipanga foleni dirishani siku kumi na saba.
Karani wa enzi hizo alifungua daftari,
akapitisha kidole juu hadi chini, taratibu,
akasema kwa adabu: Hakuna jalada.
Wala hakusema uongo.
Hapakuwa na namba, hapakuwa na muda wa kuchelewa,
hapakuwa na saini ya kusahauliwa.
Hapakuwa na mahali pa kuchoma sindano.

Vilte sasa anauza viazi sokoni, kila Alhamisi,
vile vidogo vya zambarau kutoka milimani.
Hanichukii, au hasemi.
Anavimimina kwenye mizani, mshale unatetemeka,
unapita mstari kwa upana wa unywele.
Anaondoa kiazi kimoja.
Anautazama mshale, anaweka kingine, kidogo zaidi.
"Kilo ni kilo, mama."
Nalipa.
Nahesabu chenji palepale, mbele yake,
kama inavyotakiwa.