Sekunde Saba

Nimepima barabara kwa gurudumu la mkono,
lile linalolia tik kila linapomeza mita:
mita ishirini na sita, ukingo hadi ukingo,
njia saba za magari, na katikati
hakuna hata kisiwa cha kuvutia pumzi.

Mimi si wakili. Mimi ni mtu wa wakili.
Napiga picha pale breki zilipochora lami,
na zisipochora napiga picha lami yenyewe,
maana patupu nako pana la kusema.
Hapa palikuwa patupu.

Eufemia Tafoya, miaka sitini na minne,
mfua mashuka wa hospitali, hapa Albukerke,
alishuka basi saa kumi na mbili na nusu jioni,
mbingu bado nyekundu, lami tayari nyeusi.
Alibonyeza kitufe. Akangoja.
Kimtu cheupe cha taa kikawaka, akatia mguu.
Mwenda pole hajikwai.
Kweli, hakujikwaa.

Magari mawili yalimwona yakasubiri,
ingawa taa ilikwisha yaruhusu.
La tatu, pikapu, lilitokea nyuma kwa mbio,
likaona kijani, halikuona koti.
Simu ilikuwa mapajani mwa dereva,
ikimuuliza amefika wapi.
Na taa ya nguzo ya nne ilikufa tangu Agosti:
mwenye duka la matairi aliwapigia manispaa mara tatu,
tarehe ameziandika kwa penseli kwenye kalenda,
chini ya picha ya farasi.
Nikaipiga picha kalenda, farasi na yote.

Siku ya tatu mtu wa bima alimpigia wodini,
sauti laini kama siagi: pole mama, waendeleaje?
Naye akajibu alivyolelewa kujibu: vizuri, mwanangu.
Nyonga imeshikwa na skrubu nne,
lakini hiyo “vizuri” ikarekodiwa, ikatiwa kwenye faili.
Kisha ikaja hundi, dola elfu saba na mia mbili,
na karatasi: weka sahihi hapa, usidai tena milele.
Ajali haina kinga, husema watu.
Bima inayo.

Hakuweka sahihi. Kalamu haikuwa karibu, anasema,
na muuguzi alichelewa kuja.
Hivyo tu.

Sasa wanasema koti lilikuwa jeusi.
Wanasema taa ilikwisha badilika.
Wanasema asilimia arobaini ya kosa ni yake,
na jimbo hili hugawa kosa kama mkate:
kila kipande atakachobebeshwa
kitakatwa kwenye fidia yake.

Sikubishana. Nilikwenda nyumbani kwao,
nikachora chaki mita ishirini na sita,
kutoka sanduku la barua hadi banda la kuku,
nikamwomba dada yake, Leokadia,
aliyerithi goti lile lile kwa mama yule yule:
tembea kama unavyokwenda misa.
Sekunde ishirini na tisa.
Taa humpa mtu ishirini na mbili.
Nikamwomba arudie. Ishirini na tisa.
Mara ya tatu akasimama katikati ya kuku:
kijana, unatafuta nini?

Natafuta, mama, yule aliyekaa mezani
akapanga kwamba mji mzima una miguu ya miaka ishirini.

Bi Apodaca, wakili wetu, huchukua theluthi,
na hiyo theluthi huichukua akishinda tu.
Dereva anaweza kungoja; kwake muda ni wa miaka.
Manispaa ni siku tisini za kuarifiwa kwa maandishi,
na leo ni ya themanini na moja.
Usiku huu anachapa barua, mimi nabandika picha:
nguzo, kalenda, chaki, kuku.

Eufemia haniulizi kuhusu fedha.
Anauliza kiatu.
Kimoja kiko polisi, ndani ya mfuko wenye namba.
Cha pili kiko chini ya kitanda chake,
ncha yake ikitazama mlango.