Njia Isiyo na Honi

Nina miaka hamsini na mitatu, na leo alfajiri
nimejifunza kukata kona.

Usicheke. Au cheka, lakini cheka ukinisukuma
kama Mwanasiti, binti wa mdogo wangu,
anayekimbia nyuma ameshika tandiko,
viatu mkononi, mtandio kiunoni:
"Mamkubwa, mbona waangalia chini?
Tairi laijua njia."

Kule juu barabara ya Kisauni imekwisha amka,
malori ya saruji, honi juu ya honi,
kila mtu ana haraka kumshinda mwenziwe.
Huku chini Junda ni changarawe ya matumbawe tu,
nyeupe, nyembamba,
kama njia ya nywele kichwani mwa mtoto siku ya Idi.
Ukienda polepole yasema kwaru, kwaru.
Ukikaza mguu yasema shaaa,
mchele kwenye ungo.

Baiskeli ni ya kaka yangu Shekue.
Nilipokuwa wa miaka saba alinipakia mbele, kwenye bomba,
magoti yamebana, utosi chini ya kidevu chake.
Nikamwambia, nipe usukani.
Akasema, mtoto wa kike na usukani, wapi na wapi?
Na watu je, macho wataweka wapi?
Akacheka. Hakuwa mtu mbaya.
Mwaka alioondoka kwenda Jidda aliitundika ukutani
na pale ikakaa, ikinitazama
nikipika, nikiolewa, nikirudi,
nikimzika mama,
nikipaka ukuta chokaa kwa kuizunguka.
Tulipoiteremsha mwezi uliopita
ukutani ilibaki baiskeli ya pili,
ya rangi ya zamani,
isiyojua pancha.

Maji yametoka. Mikoko imesimama kwa ncha za vidole
imekunja marinda isichafuke.
Kaa wadogo wainua gando moja jekundu, washusha, wainua,
askari wa trafiki waliokosa magari.
Nimewapita wote.
Hakuna aliyeniuliza leseni.

Kisha mzizi.
Sikuuona. Mkoko haukosi pa kuweka mguu.
Baiskeli upande huu, mimi na dera langu upande ule,
na tope likanipokea hadi kwapani,
baridi, lenye harufu ya yai viza
na chini yake harufu nyingine, tamu,
nisiyoijua jina.
Mwanasiti kanyamaza.
Nikaingoja ile sauti. Waijua ile,
ya dirishani, ya barazani,
ya mtu asemaye "Makubwa haya!"
na kabla ya adhuhuri mtaa mzima umeshakula habari na chai.

Haikuja.
Kaa waliingia mashimoni, wakatoka tena.
Yangeyange mmoja aliinua mguu,
akafikiri,
akaushusha.
Basi nikacheka mwenyewe, kwa sauti
ambayo sikujua ningali nayo.

Kwenye mivinje njia hulainika.
Majani kama nyuzi yamejitandika busati
na tairi halisemi kitu.
Nilikuwa nikimweleza Mwanasiti habari ya bei ya nazi,
kwamba yule bwana wa Kongowea hana haya,
nne kwa bei ya tano, na moja imeoza,
na sikupata jibu,
na nikageuka
(usigeuke, kaniambia mara kumi,
lakini nani asiyegeuka?)
naye alikuwa mbali nyuma, mdogo,
mikono yote miwili hewani.

Sijui aliniachia wapi.
Labda kwenye nazi ya tatu.

Mbele palikuwa na mteremko, mfupi, mweupe,
ukielekea majini.
Breki ya kushoto haishiki,
Fundi Madi alinionya tangu juzi: Bi Rukiya, hiyo isubiri spea.
Nilikuwa na ya kulia.
Vidole vyangu vilikuwa juu yake,
vina tope, vina miaka yake hamsini na mitatu.
Nikavikunjua kimoja kimoja.