Daftari la Friza

Walikuja watatu kutoka wizarani, na karatasi,
wakaketi kwenye madawati ya darasa la nne,
magoti yao yakigonga ubao.
Wakauliza: Watu wa Siyu, mnataka umeme wa nini?
Nikadhani wanauliza wa kazi gani,
nikajibu: wa barafu.
Darasa zima likacheka. Hata Shekuwe wa jenereta alicheka,
na yeye ndiye anayeniuzia giza kila ikifika saa nne usiku.

Sikuona haya. Nilikuwa na daftari langu.
Miaka sita nauza barafu za ukwaju na ubuyu:
*Jumatatu. Dizeli imelala Mokowe. Arubaini, maji.*
*Alhamisi. Mkanda umekatika. Sitini, maji.*
*Idi pili.* Hapo idadi sikuiandika.
Niliandika tu: *maji.*

Jua kwanza. Jua nalijua.
Ni mgeni mkarimu asiyelala kwa watu:
huja mikono yote imejaa, magharibi akaaga.
Paneli ya zahanati ingali juu ya paa, inameta,
lakini betri zilikufa mwaka wa nne,
zimejikunyata chini ya meza ya nesi kama paka wazee,
na chanjo zimerudi kwenye kikasha cha povu.
Sikulilaumu jua. Niliuliza: betri zikifa, maiti ni ya nani?
Bwana mwenye tai akaandika kitu. Kifupi.

Upepo. Binti wao akafungua picha,
mapanga matatu meupe juu ya nguzo ndefu kuliko mnara wa msikiti.
Akasema kusi yetu ina nguvu.
Kweli, kusi hunivua mtandio hadharani.
Lakini kuna tangambili, mwanangu,
majuma ambayo moshi wa jiko husimama wima
kama mwanafunzi anayejua jibu.
Na chumvi! Hapa chumvi hula bawaba, hula misumari.
Nani atapanda kule juu na kopo la grisi?
Sote tukamtazama Athmani fundi.
Athmani akatazama viatu vyake.

Wa tatu alikuwa na mchoro wa gurudumu
litakalozamishwa mkondoni.
Hapo niliinuka kidogo.
Maji hayaahidi ovyo: bamvua ina siku zake,
nitakutajia kupwa kwa mwezi ujao
kabla sijakutajia umri wangu.
Ila maji mafu ni mafu, gurudumu litajikuna tu,
na mkondo hubeba mizizi, majani, nepi za watoto.
Bei aliisema kwa sauti ndogo,
kama mtu anayeposa na mfuko mtupu.

Ndipo Mwanatumu, msichana wa kidato cha pili, akasimama:
Na mavi ya punda je?
Kicheko. Yeye hakucheka.
Alikuwa amepiga hesabu kwa mkaa ukutani mwa jiko lao:
punda, ndoo, shimo, gesi, majiko mangapi.
Swali likageuka: mavi ya njiani
ni ya mwenye punda au ya mwenye mlango?
Saa nzima, jamani. Kesi hiyo bado iko.

Mwisho tukagawiwa karatasi: weka alama moja.
Moja!
Mimi hata mchuzi siutii kiungo kimoja.
Nikatia alama kwenye jua; nikatia kwenye upepo,
maana masika jua likijifunika, kusi huwa kazini.
Mavi nikayaongeza pembeni, kwa mkono.
Mkondo nikauachia wajukuu.
Na chini, palipoachwa wazi, nikaandika:
*Ufunguo wa chumba cha betri ukae na mtu wa hapa,
afundishwe, alipwe. Yule wa hesabu za mkaa.*

Karatasi yangu, wakasema, imeharibika.

Saa nne Shekuwe akazima.
Friza ikakohoa, ikanyamaza.
Nikaifunika gunia na kanga mbili, kama mwenye homa,
nikafungua daftari kwa tochi ya simu:
*Jumanne. Mkutano. Hamsini na mbili,*
nikaacha nafasi ya neno moja,
nikalala na kalamu mkononi.